Utando Ulipofika kwa Mwemezi

Asubuhi ile kigingi cha kwetu kilikuwa na joto.

Nilikishika kama nilivyokuwa nimeshika vingine vyote njiani, kiganja kwanza, kisha nikachomeka kioo changu cha kusomea kwenye tundu lake nikasubiri ramani ijichore. Vigingi vimesimama kwenye kona za vibanja vyote, mashamba ya migomba ya kijiji, virefu kama mpini wa jembe, na kazi yangu ilikuwa kuvipitia kabla watu hawajaenda shamba, ili niwasomee utando unakula nini na unakipeleka wapi. Kigingi kikiwa baridi, utando umelala. Kikiwa vuguvugu, uko kazini. Joto kama lile, la sufuria iliyotoka kuepuliwa, nilikuwa nimelikuta kwenye vibanja vya watu wengine tu, na kila nilipolikuta nilijua kuna nyumba ambayo siku hiyo nitakwenda kukaa na kuongea polepole.

Ramani ikatokea. Nyuzi za kijani zilipita chini ya migomba, zikapita chini ya mibuni, zikapanda mpaka nyuma ya nyumba yetu, na pale zikajifunga fundo jeupe. Fundo lenyewe halikuwa chini ya mgomba wala mbuni. Lilikuwa jembamba, refu, kiasi cha mtu aliyelala.

Nikachomoa kioo, nikakaa kwenye matandazo ya nyasi. Pale ndipo tulipomlaza mume wangu, Mwemezi.

Kizazi chetu kilikuta meli za mbolea zimekwisha kukoma. Miamba iliyokuwa ikichimbwa ng'ambo na kusagwa kuwa mbolea ilikwisha, au wenye nayo waliifungia, sijui. Shuleni walitufundisha yote mawili. Udongo wetu wa Buhaya ni mwekundu na ni wa kale sana. Fosforasi imo, lakini chuma kimeikumbatia na hakitaki kuiachia, hivyo mmea unaweza kufa njaa huku mizizi yake imelalia chakula. Maharage yanadumaa, majani yanaingia rangi ya zambarau, na mgomba unazaa mkungu ambao mtoto anaubeba kwa mkono mmoja.

Ndipo ukaja utando. Ni kuvu mwenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, na juu ya nyuzi zake wanaishi bakteria wanaotoa asidi kidogo kidogo. Bakteria wanaing'oa fosforasi pale ilipong'ang'ania, kuvu anaibeba mpaka kwenye mzizi, na mzizi unamlipa kwa sukari. Watu wa zamani nao walipaka vijidudu kwenye mbegu, lakini vilikuwa vinakufa msimu huohuo. Huu wetu haufi. Unaunganisha kibanja na kibanja, unachota palipozidi na kupeleka palipopungua, wala hauulizi mpaka uko wapi.

Kasoro yake ilitokana na adabu zetu wenyewe. Wakati wa kuutafuta, wataalamu wa kituo walipita vijijini wakiomba udongo wa mahali panapozaa kuliko pengine. Kwetu marehemu huzikwa ndani ya kibanja, na koo nyingi, ukiwemo ukoo wa kina Mwemezi, hazijengei saruji. Hupanda mgomba upande wa kichwani, basi. Tena kwetu mgeni haambiwi kwamba amesimama juu ya babu wa mtu. Unamshika mkono, unamwambia sogea huku kuna kivuli, yanaisha. Wataalamu wakachota udongo chini ya migomba iliyonona kuliko yote. Wenyeji wakawatazama wakichota, wakawakaribisha kahawa ya kutafuna, wakanyamaza. Utando wa mkoa mzima ukalelewa kwa udongo ule. Ukajifunza mfupa kabla ya kujifunza jiwe.

Ilipokuja kujulikana, ulikuwa umefika kila mahali na watu wameshiba. Baraza likatunga sheria: msomaji akiona utando umefika kwa marehemu, awaambie wenye marehemu siku hiyohiyo, nao wana haki ya shaba. Shaba ndiyo kitu ambacho utando haukivuki. Bati la shaba likizamishwa ardhini kulizunguka kaburi, nyuzi zinazoligusa hufa.

Nilikuwa nimewaambia watu wengi habari hiyo. Wengi walichagua shaba, wachache hawakuichagua, na mimi sikuwa nimemshauri hata mmoja.

*

Ma Kagemulo, mama mkwe wangu, ndiye hasa ninayetaka kumkumbuka hapa, maana mengine yote ramani zinayo.

Tulikuwa tumebaki wawili katika nyumba ile, na watu walishangaa kwamba hatugombani. Tuligombana sana. Tuligombana juu ya chumvi, juu ya kuku wake waliolala jikoni, juu ya namna ninavyofunga mlango. Lakini akishikwa na homa hakutaka uji wa mtu mwingine. Na baada ya msiba, ndugu zangu walipokuja kunichukua, alisimama mlangoni akawauliza wanamchukua binti wa nani. Walijibu kwa sauti ndogo, wakala, wakaondoka bila mimi.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi. Hakuinua uso.

"Umerudi mapema, Auleria. Umefukuzwa kazi?"

"Bado, Ma."

"Basi shika kisu."

Nikashika kisu, nikamenya pamoja naye mpaka utomvu ukaninata vidoleni. Kisha nikamwambia, kwa maneno yaleyale niliyozoea kuwaambia wengine: utando umefika, haukukusudia, sheria inasema hivi. Nilisikia jinsi maneno hayo yalivyo makavu. Ma Kagemulo aliendelea kumenya ile ndizi moja hata ganda lilipokwisha, akawa anaikata nyama yake vipande vinavyoanguka sakafuni. Kuku wakaja kuokota.

"Umeanzia wapi?" akauliza.

"Miguuni, Ma."

"Miguuni." Akaweka kisu chini. "Alikuwa na mitekenyo, huyo. Hata kumwosha miguu alipokuwa mdogo ilikuwa vita."

Nikajua kwamba nikicheka nitalia, nikachukua ndizi nyingine. Akaniambia niende nikaombe shaba. Nikasema tunaweza kulala kwanza na jambo hilo. Akasema yeye amekwisha kulala nalo, kwa kuwa kila alipotazama kigingi kile tangu kilipochimbiwa alijua siku moja kitasema.

"Nilimzaa mzima, nikamzika mzima," alisema. "Siku yangu ikifika nataka nikalale kando ya mtu. Wewe je, unataka nini?"

Nikajibu kwamba mimi ni msomaji, na msomaji haulizwi.

"Sijamuuliza msomaji. Nimemuuliza mke wa mtu."

Nikakusanya maganda. Ukweli ni kwamba niliitaka shaba kuliko yeye. Niliitaka shaba, na juu ya shaba saruji, na juu ya saruji nyumba yenye kufuli. Lakini kwenye kioo nilikuwa nimeuona pia mwisho wa uzi, mahali unapotua, na hilo sikumwambia. Sheria haikunitaka niseme mpaka siku ya kuchimba.

*

Bi Tulibako wa kituoni alikuja na mizunguko ya shaba nyuma ya pikipiki yake ya umeme, pamoja na vibarua wawili. Alikuwa Mnyakyusa, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyezoea jembe, na Kihaya chake kiliishia kwenye salamu; lakini salamu hizo alizitoa zote, hadi za kuulizia migomba, na Ma Kagemulo akampenda.

Vibarua walianza mtaro upande wa miguuni. Bi Tulibako akachutama mbele ya Ma Kagemulo akamweleza mambo ambayo sheria ilimtaka aeleze. Alisema shaba itaua nyuzi zote zinazopita pale, si zile za kaburini tu. Alisema kila mmea unaolishwa na fundo lile utakatiwa chakula leo, na kwamba utando uliokatwa huchukua msimu mzima kutafuta njia nyingine. Mwishowe akauliza kama familia inajua ni nani aliye mwisho wa uzi.

Ma Kagemulo aliinua uso.

"Kumbe una mwisho? Mimi nilidhani anazama tu." Akanigeukia mimi. "Anakwenda wapi?"

Nikasema, "Kwa Ta Rwechungura, Ma. Kwenye maharage yake."

Ta Rwechungura ni jirani yetu wa bondeni. Mwemezi alikuwa fundi wa kuezeka, na nyumba ya Ta Rwechungura aliiezeka yeye. Ikavuja kwenye kona moja. Akapanda tena, ikavuja. Wazee kwa vijana walijua habari ya kona ile, maana Ta Rwechungura aliisimulia kanisani, dukani na msibani, na kila alipokutana na Mwemezi njiani alinyoosha kiganja kana kwamba anakinga tone. Mwemezi alikufa kona haijapona.

"Yule?" alisema Ma Kagemulo. "Watu wote wa kijiji hiki, akamchagua yule?"

Nikamweleza kwamba utando ndio uliochagua, nao huenda penye njaa. Hilo alilijua. Maharage ya bondeni yalikuwa yamedumaa kwa misimu mingi, na Nyamwiza, mke wa Ta Rwechungura, alikuwa anapika ndizi tupu mpaka mwili ukamwisha na magoti yakakataa kupanda mlima. Msimu huu shamba lao lilikuwa limesimama, kijani kizito, maua yamekwisha na maganda ya kwanza yanaliwa mabichi. Yaliyobaki yalikuwa bado hayajajaa. Yakikatiwa chakula sasa, yangebaki makapi.

Ma Kagemulo akawaambia vibarua wapumzike. Akaomba fimbo yake na shuka lake la kutokea.

Bi Tulibako alielewa kabla yangu. Akasema kwa upole kwamba kituo hakishauri jirani aambiwe. Wameona mambo yanakoishia: mtu akijua, anang'oa shamba, au anakula kwa kujificha, au majirani wanawacheka watoto wake. Sheria inawalinda wenye marehemu. Anayepokea ni heri asijue. Shaba iwekwe au isiwekwe, lakini kimya kimya. Hakusema vibaya. Nami nilikuwa nimeifuata kanuni hiyo kwa miaka, na katika vibanja vingi nilijua nani anakula kwa nani, nikapita nikisalimia.

"Mwanangu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi," alisema Ma Kagemulo, akajifunga shuka.

*

Tulishuka polepole, mimi nikimshika mkono, yeye akinilaumu kwamba namshika kama yai. Kwenye mpaka wa vibanja alisimama akatazama maharage. Alichuma jani moja, akalipapasa kwa kidole gumba, akaliweka ndani ya kitambaa cha kichwani.

Ta Rwechungura alitupokea kwa heshima zote. Alileta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaulizia afya, kuku na mvua, na alipofika kwenye mvua akakitazama kidogo kiganja chake kwa mazoea, kisha akakumbuka akakishusha. Nyamwiza alikuwa jikoni, mlango wazi, chungu cha ndizi na maharage mabichi kikitokota. Harufu ile ilikuwa imejaa nyumba nzima. Miezi mingi nyumba ile haikuwa nayo.

Ma Kagemulo alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha, ndipo akasema alichokuja kusema. Alikisema kifupi. Ta Rwechungura hakuelewa, akanitazama mimi, na mimi nikamweleza kwa kirefu, fundo na uzi na mwisho wa uzi. Nilipomaliza alikuwa amesimama.

"Mnatulisha mtu, Ma?"

"Hatukulishi. Umejilia mwenyewe, sisi tumekuja kukuarifu."

Alitoka nje, tukamsikia akitema mate mgombani. Aliporudi alisema shaba iwekwe, iwekwe leo, na kama vibarua wamechoka atachimba yeye. Alisema atayang'oa maharage yote kabla ya jioni. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelitaka hilo hilo tangu asubuhi ile ya kigingi.

Lakini Ma Kagemulo, aliyekuwa ameitaka shaba kuliko kitu chochote, sasa alikuwa amevimba mashavu.

"Yaani humtaki?"

"Si kumtaka, Ma, hili ni jambo la—"

"Alikuwa na ubaya gani? Alikuezekea nyumba hii."

"Ikavuja."

"Kona moja."

"Kona ya kitandani, Ma."

Kutoka jikoni Nyamwiza akaanza kucheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa upande wa kanga yake, kikamshinda, akacheka mpaka akakohoa, mpaka mumewe akamwambia hapa si mahali pa kucheka. Akaja akakaa chini karibu nami. Alikuwa bado amekonda, lakini ngozi yake ilikuwa imerudi kung'aa, na magoti aliyakunja bila kushika ukuta.

"Niambie wewe unayesoma," alisema. "Ni yeye, au si yeye?"

Kwa wengine nilikuwa najibu kwamba fosforasi ni fosforasi. Kwake sikuweza. Nikamwambia kwamba si nyama wala si damu. Ni kile kinachoufanya mfupa uwe mgumu na mbegu iwe na nguvu ya kuchipua. Nikamwambia Mwemezi hakuja nacho kutoka mbinguni. Alikipata hapa, kwenye ndizi na maharage ya kijiji hiki, sahani baada ya sahani, tangu alipoacha ziwa la mama.

Nyamwiza akafikiri. "Alikuwa anakula hapa, huyo, karibu kila siku. Ma, unakumbuka? Ulikuwa unakwenda kukata nyasi huko nyikani, rweya, unamwacha kwangu. Meno yake ya pili yameotea kwenye chungu hiki."

"Nakumbuka," alisema Ma Kagemulo.

"Basi mifupa ile kuna maharage yangu ndani yake." Alimgeukia mumewe. "Unang'oa nini, baba? Ya kwetu yanarudi."

Ta Rwechungura akarudi mahali pake. Alikaa. Chungu kiliendelea kutokota. Nilimtazama Ma Kagemulo nikaona anahesabu kitu ambacho hakina hesabu: mahali pake pale nyuma ya nyumba, kando ya mtu, ambapo pangekuwa na mgomba na udongo mwekundu tu. Halafu akauliza chakula kimeiva au tunakaa tukinusa mpaka lini.

Nyamwiza aliepua. Akatandika majani ya mgomba sakafuni, akapakua, mvuke ukapanda. Ma Kagemulo hakungoja mwenyeji. Akachukua tonge la kwanza mwenyewe, akalitia mdomoni, akatafuna macho yakiwa wazi, akimtazama Ta Rwechungura. Alitafuna kwa muda mrefu mno kwa maharage yaliyoiva.

"Laini," alisema alipomeza. "Njoo ule, waitu. Hatakuuma."

Ta Rwechungura akasogea. Alichukua ndizi kwanza, akaila peke yake. Kisha harage moja. Kisha akala kama mtu mwenye njaa, kichwa ameinamisha, na alipofika nusu ya jani alisema, bila kuuelekeza usemi wake kwa mtu, kwamba kona ile kwa kweli ilikuwa inavuja mvua za upepo tu. Alinawa, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akasema anakwenda kuufukia mtaro kabla mvua haijauharibu, na kumsaidia yule mtaalamu kufunga shaba yake kwenye pikipiki.

Tulibaki wanawake watatu. Jani langu lilikuwa bado limejaa. Nilikuwa nimelisogeza mbali kidogo, nikitumaini hakuna aliyeona.

Nyamwiza alikuwa na jambo, lakini alilizunguka. Alisema yatakayokauka atayaweka mbegu. Alisema kwenye mbegu ndimo maharage yanamofichia nguvu yote, si ndivyo, Auleria? Nikamwambia ndivyo. Akasema binti yake, Asimwe, ameolewa Karagwe, na udongo wao kule nao umechoka, na utando haujawafikia. Alikuwa amemwahidi kibaba. Lakini sasa hajui. Pengine si vizuri. Pengine mtu asipelekwe mbali na kwao bila mama yake kupenda.

Ma Kagemulo alikuwa anafuta vidole vyake, kimoja kimoja, kwa kipande cha jani.

"Mpelekee," alisema. "Karagwe hakuwahi kufika. Gari lilikuwa linamtapisha."

Kisha akanisogezea jani langu mpaka likagusa magoti, nikanawa mkono, nikala.